Ketaki na Dhondiba Hayapatani

Jumatano, 7 Februari
Nadai hivi, na nitalitetea dai langu mbele ya yeyote: jina la Ketaki na jina la Dhondiba hayapatani. La kwanza ni ua linukialo. La pili limechongwa kwenye jiwe. Ketaki na Chandrahas, hapo sasa ni wimbo. (Chandrahas ni mimi. Shahada ya uzamili, daraja la kwanza.) Na bado baba yake, jirani yetu, ataka kumwoza huyo Dhondiba, mchemsha sukari guru! Uchumba ni Jumapili. Siku nne zamtosha mtu aliyesoma.

Alhamisi, 8 Februari
Kwa kuhani. Hulinganisha majina ya wachumba kwa silabi za mwanzo, alama za juu kabisa thelathini na sita. Nimempelekea nazi na hoja za kurasa tano. Kurasa hakuzigusa. Ketaki na Dhondiba: ishirini na tisa. Ketaki na Chandrahas: saba! Nikamweleza kuwa hesabu hiyo haina msingi wa kisayansi. Akauliza nazi nilileta ya nini. Utovu wa adabu.

Ijumaa, 9 Februari
Wazo! Kwetu bwana arusi huweza kumpa mkewe jina jipya, akaliandika kwa pete juu ya sinia la mchele. Nikamwambia baba yake: nikimuoa mimi, nitamwita Chandrika, alama zitapanda. Ketaki alikuwa akichambua dengu barazani. "Kaka Chandrahas, jina langu nalipenda. Dhondiba ameshaahidi kuandika Ketaki lilelile." Kaka! Na huyo wa miwa, nani kamfundisha kuahidi vizuri hivyo?

Jumamosi, 10 Februari
Nimeandika kwa chaki kwenye ubao wa habari wa njia panda: Dhondiba halina kina cha heshima, isipokuwa msiba. Kesho Ketaki lazima amtaje mchumba wake kwa ubeti mbele ya wageni. Atakwama! Mama kaniamuru nikafute. Nimekataa, nadharia haifutwi. Dhondiba kapita, kasoma, kacheka: "Msomi, mwandiko wako mzuri, tuseme kweli." Yuko juu ya pikipiki mpya. Nyekundu.

Jumapili, 11 Februari
Wanawake walimzingira Ketaki: "Mtaje! Hupati pakiti ya sukari ya uchumba mpaka umtaje!" Akanitazama mimi, kisha:

Sukari guru ni tamu, mkila mtashiba;
mie sishibi kutaja jina lake Dhondiba.

Vigelegele. Mama yangu mzazi alipiga makofi! Dhondiba aliona haya hadi masikioni. Walipendeza. (Sentensi hii nitaikata.)

Jumatatu, 12 Februari
Nimetafakari. Kina si hoja. Tena katunga mwanamke, mhusika hajanijibu. Nimerudi ubaoni: "Bwana Dhondiba! Thibitisha kwa maandishi, hapa hadharani, kabla ya Jumamosi, kwamba jina lako lastahili kutamkwa pamoja na la Ketaki. Ukinyamaza, umekubali kushindwa, na arusi ni yangu. Chaki nimekuachia."