Matone Ishirini kwa Mililita

Jumatatu, 9 Juni

Kifaa kimefika! Cheusi, kidogo, kinaenea kiganjani. Kina uwazi katikati, na kwenye uwazi huo unapita mwanga usioonekana. Tone likidondoka linaukata mwanga, kompyuta inahesabu moja. Mkuu wa shule akauliza mbele ya walimu wote nani anajua kukifunga. Mwalimu wa kemia, aliyetoka chuoni juzi tu, akaanza kusema tusome kwanza maelekezo. Nikamkata kauli. Nikasema nimetunza maabara hii miaka kumi na tisa, vifaa vya namna hii nimefunga mpaka nimechoka.

Sijawahi kukiona hata kwenye picha.

Mkuu amefurahi mno. Amesema kikifanya kazi, chumba kipya cha vifaa kitakuwa chini yangu, na funguo zake. Kijitabu cha maelekezo nimekitia ndani ya shati nikaondoka nacho, Mwalimu asije akanitangulia. Kiko chini ya godoro. Mimi mwenyewe sijakisoma. Mtu aliyekwisha sema anajua, atasoma nini tena?

Jumanne, 10 Juni

Balaa. Kifaa kilikuja na chombo cha plastiki cha kutilia alkali, na chini yake kidomo cha kudondoshea. Nilikuwa nakisuuza hicho kidomo. Kikaponyoka. Kikaingia kwenye tundu la sinki. Nikaingiza kidole, nikaingiza waya, nikaingiza maneno ambayo hayafai kuandikwa. Wapi!

Nyumbani nikaona chupa ya dawa ya macho ya mama mkwe juu ya kabati. Ina kidomo kizuri chenye pete ya bluu. Nikakichomoa, nikarudi nacho maabara. Kimekaa kwenye chombo kana kwamba vilizaliwa pamoja.

Kompyuta ikauliza matone mangapi yanajaza mililita moja. Swali gani hilo? Nikajaza ishirini. Kila mtu wa maabara anajua ni ishirini.

Jioni mama mkwe akalalamika kwamba dawa inamwagika mpaka shingoni. Nikasema viwanda vya siku hizi havina umakini. Akakubaliana nami. Nadra sana.

Jumatano, 11 Juni

Leo Mwalimu alikuwa anachagua wanafunzi wawili wa kwenda mashindano ya sayansi. Binti yangu ni mmoja wa waliofika mchujo wa mwisho. Tangu mwaka jana anaongelea mashindano haya tu, hata akila.

Kazi ilikuwa nyepesi. Kila mmoja na bureti yake, ule mrija mrefu wa kioo wenye alama, anadondosha alkali kwenye asidi hadi rangi igeuke, anasoma alama, anaandika. Mbele, kifaa changu kinafanya kazi ileile kiwe shahidi. Mkuu alikuja kutazama. Nilivaa koti jeupe lililopigwa pasi.

Kifaa kikatoa jibu: mililita ishirini na tisa. Makofi!

Wanafunzi kumi na watatu waliinua macho kwenye kompyuta, wakainama, wakaandika ishirini na tisa, wengine ishirini na nane na nusu ili wasifanane. Binti yangu peke yake hakuinua macho. Aliandika ishirini na nusu.

Mwalimu akamwuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika. Mkuu akacheka, akasema mashine haina sababu ya kudanganya, mtoto ndiye aliye nayo. Wenzake wakaangua kicheko. Nikajua palepale: kidomo. Dawa ya macho inatoka kwa matone madogo, kwa hiyo yanakuwa mengi, na kifaa kinayahesabu kama makubwa. Nililijua kosa kama ninavyojua jina langu.

Mkuu akanigeukia, akauliza fundi anasemaje. Nikasema kifaa kiko sawa kabisa.

Alhamisi, 12 Juni

Sikula vizuri. Mwalimu amempa binti nafasi ya kurudia kesho. Nikamwita barazani. Nikamwambia kwa upole kwamba wakati mwingine macho huchoka, na si aibu mtu kusahihisha namba yake iendane na ya wenzake.

Akasema, "Baba, si wewe uliyenifundisha kusoma bureti?"

Nikasema ndiyo. Nikaenda kutazama kuku. Hatufugi kuku.

Na mama mkwe leo amekwenda duka la dawa akamfokea mwuzaji mbele ya wateja. Mwuzaji akaomba radhi, akampa chupa mpya. Watu wawili sasa wanabeba aibu yangu na wala hawajuani.

Ijumaa, 13 Juni

Amerudia. Ameandika ishirini na nusu. Jina lake limekatwa kwa kalamu nyekundu, kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pa maabara. Mlango ninaoufungua mimi kila asubuhi.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekitoa kijitabu chini ya godoro. Ukurasa wa pili, kwa herufi nene: usikisie idadi ya matone, dondosha mililita kumi ukahesabu. Nikaenda shuleni peke yangu, nikafanya hivyo. Dakika saba! Ni matone ishirini na nane kwa mililita moja. Nikarudia jaribio la Jumatano, kifaa kikatoa ishirini na nusu, na ushei usiofaa hata kutajwa.

Niliketi kwenye kigoda cha maabara nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto. Jumatatu nitasema kila kitu. Kidomo, kijitabu, vyote.

Jumatatu, 16 Juni

Nimesema. Kwa kiasi. Nilimwambia Mkuu kwamba kifaa kilikuwa bado hakijazoea hali ya hewa ya kwetu, na kwamba nimefanya uchunguzi mzito siku ya mapumziko. Akanishika mkono. Binti amerudishiwa jina lake na kuingizwa kwenye timu. Mkuu akanisimamisha mbele ya shule nzima, akasema hivi ndivyo mtaalamu mkweli anavyofanya, akanikabidhi funguo za chumba kipya. Nilifungua mdomo niseme. Ikatoka asante.

Binti alipiga makofi kama wengine. Ila alikuwa wa kwanza kuacha.

Jumanne, 17 Juni

Mwalimu amenifuata stoo, akafunga mlango. Anajua! Ameona pete ya bluu, akamwuliza binti. Binti alikitambua kidomo cha bibi yake tangu Jumatano, kabla hata rangi haijageuka. Mwalimu alimwuliza kwa nini basi alikaa kimya akachekwa, akakatwa jina. Binti akamjibu, "Baba atasema mwenyewe."

Amengoja siku sita. Leo nimepita mlango wa chumba changu kipya nikiinamisha kichwa, nisikutane macho na binti. Natamani ardhi inimeze. Kesho, saa mbili asubuhi, kwa Mkuu. Bila hali ya hewa.

Jumatano, 18 Juni

Saa mbili kasoro nilikuwa mlangoni kwa Mkuu. Nimepiga moyo konde. Nikaingia. Kabla sijasema neno akaniambia kifaa kitapelekwa kwenye mashindano, mbele ya shule arobaini, na anahitaji mtu wa kukifunga jukwaani. Akauliza kama ninaweza. Nikasikia sauti ikimjibu kwamba kazi hiyo nimeifanya kwenye majukwaa mengi. Ilikuwa sauti yangu.

Mchana Mwalimu aliwatangazia wanafunzi nani atafuatana nao. Saa tisa binti amekwenda kwake kuomba jina lake litolewe. Hakukatwa na mtu safari hii. Ameomba mwenyewe, na hakutaka kusema sababu.

Nimemwambia mama yake ni woga wa jukwaa, mtoto atazoea. Nimemwomba Mkuu koti jipya jeupe, lenye mfuko wa kalamu.