Daraja Lililokataa Kufika

Leo nimeadhirika, wenzangu. Sogeeni niwaeleze mwenyewe, kabla Nasoro hajafika hapa barazani akawaeleza kwa namna yake. Na wewe mwenye kahawa nitilie, lakini usijaze. 

Mnajua kwamba leo ndiyo siku ya jibu. Ami yangu Bakari alikwenda kuniposea kwa Mzee Kombo, kule Bamburi, binti yake Mwanaisha, na jibu lilikuwa litolewe leo baada ya magharibi. Mimi na Mzee Kombo hatujapata kuonana. Hatukutakiwa tuonane! Mwenye kuposa hakanyagi kwa wakwe kabla ya jibu, hata mtoto analijua hilo. Mwanaisha mwenyewe nilimuona mara moja tu, harusini, akipita na sinia la pilau, na tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa kuazima.

Siku ya posa ami aliulizwa, huyu kijana wenu anafanya kazi wapi? Akajibu Kilindini, bandarini. Akaulizwa tena, kutoka Mjambere mpaka Kilindini kila siku anakwenda na nini? Hapo ami yangu akapata pa kujitapa. Akasema kijana wetu anakwenda kwa baiskeli, kwenda na kurudi, mvua na jua, anatoka kiza hakijaondoka, na njia haikosi hata mumfunge macho. Mzee Kombo naye ni mtu wa baiskeli, anatoka Bamburi, anapita kwetu Mjambere, kwenda bandarini zamu ya usiku, kwa hivyo maneno hayo yalimuingia. Yashikeni maneno hayo.

Sasa niwape siri moja. Hiyo njia mimi siijui. Nacheza na baiskeli vizuri, miguu ninayo, lakini njia anaijua Nasoro, ninayefanya naye kazi. Tangu vita vianze tumeamriwa tuzibe taa, na yangu nimeipaka rangi nyeusi nikabakisha kijitundu kinachomulika gurudumu tu. Basi sote tumefunga kitambaa cheupe nyuma ya kiti, wa nyuma apate kumuona wa mbele. Nasoro hutangulia, mimi nakitazama kitambaa chake. Kikienda kushoto naenda kushoto. Kikisimama nasimama. (Kwa hivyo ami hakusema uongo. Macho kweli siyatumii.)

Leo tukatoka kama kawaida, baada ya kuswali alfajiri. Nasoro mbele, mimi nyuma, na moyoni namuwaza Mwanaisha na jibu lake. Tukafika karibu na Kongowea. Tukibakisha kidogo tu tufike kwenye daraja la kuvukia kwenda Kilindini, mnyororo wangu ukatoka.

Nasoro akasema atatangulia polepole, nitamkuta darajani. Nikasema haya. Nikaipindua baiskeli juu chini, kiti na usukani vikakaa mchangani, magurudumu yakatazama mbinguni. Nikahangaika na mnyororo gizani. Nikauzunguka upande huu, nikauzunguka upande ule, mikono imejaa grisi, nalaani aliyeunda mnyororo na aliyeniuzia. Hatimaye ukashika. Nikaiinua baiskeli, nikaigeuza, nikaiweka sawa. Nikanyanyua macho, nikaona kitambaa cheupe kinakwenda mbele yangu.

Nikapanda, nikakifuata. Mnaanza kucheka? Ngojeni kwanza, hamjafika.

Nikapiga pedali. Nikawa nangoja daraja. Daraja haliji. Nikasema labda nina haraka, ndiyo maana naliona liko mbali. Nikapiga tena pedali, daraja haliji. Wallahi nilianza kujiuliza, hivi leo wamelipeleka wapi?

Halafu baiskeli nyingi zikaanza kuja kwa mbele, watu wanapishana nami, kengele kila upande. Nikasema maskini, leo zamu ya usiku imetoka na watu wengi. Mmoja akaniita kwa jina, akaniuliza nakwenda wapi. Nikamjibu, kazini, kwani wewe watoka wapi? Akaniangalia mpaka akakaribia kuingia mtaroni. Nikamhurumia, nikasema kazi ya usiku inamaliza watu akili.

Kidogo nikaona mnazi umepinda, umelala njiani, umefanana na ule uliopinda karibu na kwetu. Nikasema kumbe na huku wanao. Nikasikia harufu ya mahamri. Nikasema kumbe na huku kuna mpika mahamri, tena anatia iliki nyingi kama jirani yetu Bi Mize. Nikageuza shingo. Nikamuona Bi Mize mwenyewe, amekaa na karai lake, leso yake ileile.

Hapo akili yangu ikasimama. Nilimuacha Bi Mize Mjambere anawasha moto. Amenipita saa ngapi? Na karai la mafuta ya moto kichwani?

Akaniuliza, "Shaibu, umesahau nini?"

Nikamjibu, "Sikusahau kitu, Bi Mize, nimechelewa kazini," nikapita mbio. Nasikia alibaki na unga mkononi, hamri moja ikaungua. Bi Mize haunguzi mahamri, nyote mwajua.

Mngesema hapo ningegundua. Hata mimi sasa nasema hivyo. Lakini mtu akishajua kwamba anakwenda mahali fulani, macho yake hayamsaidii. Nilisema amekuja kuuza Kongowea leo, nitamuuliza jioni ana siri gani ya miguu. Kitambaa kilikuwa kinanitoka mbele, sikuwa na nafasi ya kufikiri.

Maana Nasoro alikuwa amezidisha mwendo. (Mimi bado namuita Nasoro. Nivumilieni.) Nikamwita, "Ningoje!" Akageuka kidogo, akanitazama, badala ya kuningoja akakanyaga zaidi. Nikashangaa. Nikakumbuka jana nilimcheka kwa sababu ya viatu vyake, nikajua amenuna. Nikamwita tena, nikamwambia yale ya jana nilikuwa natania. Akainama juu ya usukani, akakimbia kama anayefukuzwa na mbwa. Nami nikainama, nikamfuata. Hatukuwahi kwenda mbio vile toka tuanze kazi. Nikasema leo tutafika Kilindini kabla ya wenye bandari.

Kukaanza kupambazuka. Nikaona Nasoro leo amenenepa. Mgongo wake mnaujua, ubao mtupu, na huu umejaa. Nikasema ni koti. Nasoro hana koti. Nikasema amenunua. Nyuma yake amefunga mfuko mweupe wa kitambaa, na asubuhi hakutoka na mfuko. Nikasema ameokota.

Kisha jua likatoka. Likanichomea shavu la kulia.

Sasa sikilizeni. Nikienda kazini jua hutoka mkono wangu wa kushoto, upande wa bahari. Hilo nalijua hata mimi, maana shavu la kushoto ndilo jeusi zaidi. Leo limetokea kulia. Mtu mwenye akili zake angesimama akajitazama. Mimi nililitazama jua. Nikasema ni hivi vita. Sukari imepotea, mipira ya baiskeli imepotea, sasa na jua wamelihamisha. Nikaingiwa na hofu kwelikweli, nikataka nimfikie Nasoro nimuulize kama na yeye ameliona.

Mbele Nasoro akakata kona ghafula, akaingia kijia cha mchanga kati ya minazi. Nikakata nami. Kijia kikaishia uani kwa mtu, nyumba ya makuti, ua umefagiliwa vizuri. Nasoro akairusha baiskeli chini, ule mfuko ukapasuka, akakimbilia mlangoni huku akipaza sauti kwamba kuna mwizi anamfuata toka Kongowea.

Aligeuka. Hakuwa Nasoro. Alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, anahema, jasho tele, na kwenye mchanga baina yetu imemwagika sukari. Sukari, jamani, siku hizi! Baadaye nikaambiwa aliitafuta wiki nzima kwa ajili ya chai ya wageni wa leo.

Mlangoni akatoka mama mmoja na mwiko. Nyuma yake akatoka msichana na mchi wa kutwangia, ameunyanyua juu, amejiweka mbele ya babake. Mimi nimesimama na baiskeli yangu, mikono myeusi ya grisi, uso nadhani nao umeipata. Nikajua lazima niseme neno la maana, neno litakaloonyesha mimi ni mtu mwema. Nikatoa salamu, nikamwambia yule mzee shikamoo, kisha nikauliza:

"Samahani, daraja liko wapi?"

 Kuku wameanza kuila sukari. Mzee akanisogelea polepole, akaniuliza, "Wewe ni mwana wa nani?"

Nikasema mimi ni Shaibu, mwana wa marehemu Omari wa Mjambere, ami yangu ni Bakari.

Mwiko ukaanguka. Yule mama akajifunika leso uso mzima, akarudi ndani kinyumenyume, maana mkwe hatazamwi hivyo. Msichana akaushusha mchi taratibu. Nikamtazama. Nikauona ule uso wa harusini, wa sinia la pilau. 

Mzee Kombo akasema, "Jibu ni leo magharibi. Hukuweza kungoja?"

Nikamwambia la hasha, mzee wangu, mimi nilikuwa nakwenda kazini. Akaniuliza, Kilindini? Nikasema naam. Akatazama kule tulikotoka, akatazama jua, akanitazama mimi. Nikamweleza habari ya mnyororo, kwamba niliipindua baiskeli, nilipoigeuza nadhani ilikuwa imetazama ilikotoka. Nilipokuwa nalisema ndipo na mimi nilipoelewa. Hapo, uani kwa wakwe, mbele ya mchi, ndipo nilipolijua jambo lililonipata. Mnazi ni wetu. Bi Mize hakwenda popote. Nilipita mlangoni kwetu nikauona na sikuujua.

Kutoka ndani, nyuma ya pazia, sauti ya mama mtu ikasema, "Mwanangu, sema tu umeshindwa kungoja. Si aibu."

Nikakwama. Nikisema nimeshindwa kungoja, sina adabu, nimeivunja desturi asubuhi kweupe. Nikisema kweli, basi sijui njia ya kazini, na ami ameapa kwamba naijua hata nikifungwa macho.  Hapo Mwanaisha akaanza kucheka. Alijizuia kwanza, akajifunika na ukaya wake wa kichwani, mabega yanatikisika. Kisha mchi ukamtoka mkononi, akakimbilia ndani, na kicheko chake nikakisikia mpaka barabarani, nikiondoka naikokota baiskeli. Sikuthubutu kuipanda. Sikuwa na hakika mbele ni wapi.

Kazini leo sikwenda. Nilirudi nyumbani, nikampita Bi Mize nikiwa nimeinama. Hakuniuliza kitu, alinipa hamri moja akatikisa kichwa. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Sasa ami Bakari amerudi kutoka Bamburi, ndiyo kwanza nimetoka kwake. Anasema walipokewa vizuri. Chai ilikuwa tamu, ila ina mchanga, na kila mmoja aliinywa bila ya kuuliza. Mzee Kombo aliwaambia neno moja tu kuhusu mimi: "Mlisema njia haikosi." Ami akatazama mkeka.

Basi likaja jambo lenyewe. Binti aulizwe. Mnajua desturi, mwanamwali akiulizwa na babake akanyamaza, huko kunyamaza ndiyo idhini yake. Mzee akaingia ndani, akamuuliza, je, umemkubali Shaibu wa Mjambere?

Hakunyamaza. Alicheka.

Wakakaa wote hawajui la kufanya. Maalim aliyekuwapo akasema kicheko nacho ni idhini, lakini inategemea. Kuna kicheko cha furaha na kuna kicheko cha dharau, na hukumu zake ni mbalimbali. Akatumwa mama mtu aende akasikilize ni kipi. Akakaa ndani muda mrefu. Mwisho ikasikika sauti yake naye anacheka.

Ami akangoja mpaka isha ikaadhiniwa, hawajanyamaza. Akaaga. Mzee Kombo akamsindikiza mpaka kwenye kijia, akamwambia, "Kijana wako mwambie jibu aje alichukue mwenyewe kesho asubuhi. Njia si anaijua?"

Kwa hivyo hapa nilipo, wenzangu, sijui nimepata mke au nimechekwa tu. Kesho nakwenda Bamburi, na naogopa mnyororo usije ukatoka nikajikuta Kilindini. Nawaomba msicheke. Mpaka nijue maana ya kile kicheko cha kwanza, vyengine sivitaki.