Nahodha Auzwe, Nyumba Ipumue

Siku ya mwisho ya usajili, bosi wa Bundi, timu yetu ya hoki ya barafuni, aliamka na kuwaandikia mashabiki barua. Refa aliisoma kwa sauti kwenye meza yetu ya karibu na hita, mgahawa wa donati wa Barabara ya Nane, hapa Saskatoon. Refa ni mama aliyeendesha basi la shule miaka thelathini na moja, na kila Jumamosi alikuwa anachezesha hoki ya watoto. Hata akikusomea menyu, unajisikia umefanya kosa.

"'Mashabiki wapendwa,'" akasoma, "'baada ya kutafakari kwa kina, klabu imeamua kujenga kikosi upya. Tunaomba subira yenu.'"

"Subira!" Meno akaipiga meza, kahawa zikaruka. "Tumefungwa mechi kumi na moja mfululizo, tena barafuni kwetu. Anadhani subira tuliyokuwa nayo ilikuwa ya nini?"

Meno aliwahi kucheza hoki ya kulipwa misimu miwili, enzi hizo kipa hajui kofia. Aliacha meno manne ya mbele kwenye barafu ya mji wa Moose Jaw, na mpaka leo hataki kusikia neno kushindwa.

"Mimi barua naiunga mkono," akasema Trekta, mzee mwingine wa meza yetu, taratibu, kama mtu anayetoa rambirambi. "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tuliuangalia tu. Basi tujenge. Wauzwe wote, na waanze na nahodha."

Meza nzima ikaangua kicheko.

Nahodha wa Bundi, Tanner Klassen, ni mkwewe Trekta. Januari bomba la maji liliganda nyumbani kwa Tanner, likapasuka, sebule ikawa uwanja wa kuteleza. Fundi akasema wiki tatu. Tanner akamchukua mkewe Larissa, binti wa Trekta, na watoto watatu, na mbwa mkubwa kama ndama, wakahamia vyumba vya chini nyumbani kwa mzee. Sasa tuko Machi, na fundi bado anasema wiki tatu.

"Hoki haina undugu," Trekta akajitetea.

"Trekta, niangalie usoni," akasema Refa. "Ni hoki au ni choo?"

"Ni hoki! Ila kwa kuwa wewe ndiye uliyekitaja choo, jana nimesimama mlangoni dakika arobaini. Nafungua, namkuta nahodha kajilaza kwenye beseni la kuogea lililojaa barafu kama samaki wa dukani. Anasema misuli inamuuma. Na mimi je, kibofu changu hakina misuli?"

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," nikamwambia.

"Nimempa koleo la theluji, Tanga!" Wananiita Tanga kwa sababu ndiko nilikotoka, mwaka wa kumi na tisa huu. "Kazoa theluji kwangu, kazoa kwa jirani, kazoa mpaka kituo cha basi. Karudi ndani kala mayai kumi na mawili."

"Sasa mtu kama huyo ndiye unataka auzwe?" Meno akapandisha sauti. "Mfungaji wetu pekee! Sikiliza, mimi nina miaka sabini na moja. Ujenzi wa hawa jamaa ni miaka saba. Hilo kombe likija mtanionyesha wapi, kaburini? Tupambane sasa hivi, na haohao tulionao."

"Tupambane na nini?" Refa akauliza. "Juzi mpinzani alitolewa mchezaji mmoja, tukawa wengi kuliko wao, wakatufunga wao. Mara mbili! Mkia tumeshaushika, na anayeshika mkia ndiye anayepewa nafasi ya mbele kuchagua vijana wapya. Tuchague basi."

"Tumechagua miaka mitatu! Yule kinda wenu wa mwaka jana, Jumanne kaletewa kisahani cha hoki, goli liko wazi, kipa kalala. Kakipeleka jukwaani, kikavunja kikombe cha bibi wa watu."

"Lakini alipiga kwa nguvu," akasema Trekta.

"Mimi nawashangaa," nikadakia. "Kwetu bundi akitua juu ya paa, watu wanaanza kuombeana. Nyinyi mmemvalisha jezi, mnamlipia na kiingilio."

"Kausha, Tanga," akasema Meno. "Uchawi wenu acheni hukohuko."

Muuzaji akaongeza sauti ya runinga. Dirisha la usajili lilikuwa linafungwa saa nane mchana, na mtangazaji alikuwa anatokwa jasho kana kwamba yeye ndiye anauzwa. Timu moja ya Florida inayowania kombe ilikuwa inamtaka Klassen. Bundi wameshakubali. Kilichobaki ni yeye mwenyewe, maana mkataba wake unamruhusu kukataa kuhama.

"Atakataa," akasema Meno. "Yule ana moyo wa mji huu."

Trekta akawa anakandamiza donati mpaka jemu ikamtoka vidoleni.

"Hivi wewe," Refa akamuuliza kwa upole, "huyu mkweo humpendi?"

"Nani kasema simpendi?" Safari hii mzee hakuwa anatania. "Akirudi amefungwa saba kwa moja, anakwenda kukaa kwenye kiti changu, anatazama ukuta. Nami nasimama nyuma yake na chai yangu, naona aibu kumwambia anipishe. Nampenda sana. Nitampenda hata akiwa Florida."

Saa nane kasoro dakika nne, maandishi mekundu yakapita chini ya runinga. Klassen amekubali. Anaondoka, na sisi tunapata vijana wawili ambao hatujawahi kusikia majina yao. Meno akavua kofia. Trekta akainamisha kichwa kama mfiwa, lakini mimi niliyekaa ubavuni kwake niliuona mguu wake chini ya meza. Ulikuwa unacheza.

"Pole sana, mzee," nikamwambia.

"Ndiyo maisha ya hoki," akajibu kwa huzuni ya kutengeneza. "Tutavumilia."

Hata nusu saa haikupita, mlango ukafunguliwa, baridi ikaingia, na Tanner nyuma yake. Begani begi, mkononi magongo matatu, nje teksi inanguruma. Mgahawa mzima ukasimama. Meno akamshika mkono, akajaribu kusema neno, akaishia kulia. Hakuona haya, na sisi hatukumcheka.

"Ndege yangu ni saa kumi na moja," Tanner akasema. "Nimeona siwezi kupita bila kumshukuru baba. Jamani, mimi nilikuwa nakataa. Nilishaamua kabisa. Ni huyu mzee, jana jikoni, ndiye aliyenishika bega akaniambia, 'Nenda mwanangu, kafuate kombe, mengine niachie mimi.'"

Macho yote yakamgeukia Trekta.

"Jikoni, eh?" akasema Refa.

Trekta akajifanya hakusikia. "Si wajibu wangu, mwanangu? Enhe, na Larissa? Ameanza kufunga mizigo?" Sauti ilikuwa tamu kama asali.

"Mizigo ya nini, baba? Shule hazifungwi mpaka mwisho wa Juni. Watoto hawawezi kuhamishwa katikati ya masomo. Larissa alikuwa analia, hajui atakaa wapi na watoto peke yake. Nikamwambia, baba amesema mengine yote ni yake. Akanyamaza palepale."

"Juni," akasema Trekta.

"Mwisho wa Juni. Ila mbwa hatutamchukua hata hapo. Manyoya yote yale, joto la Florida litamuua. Huyo atabaki kwako moja kwa moja."

Akaweka magongo chini, akamkumbatia mkwewe kwa nguvu, akambusu utosini, akaokota magongo yake, akatoka. Trekta akabaki amesimama, mikono bado iko wazi. Macho yalikuwa yamemlowa, na nadhani machozi yenyewe yalikuwa mchanganyiko. Nje teksi ikageuza, ikaingia barabarani.

Refa akamwacha apumue kidogo. Kisha akavaa miwani.

"Haya, Trekta, tumalize mjadala. Tujenge upya au tupambane?"

Mzee akakaa taratibu, akaivuta kahawa yake iliyopoa.

"Tungepambana," akasema. "Angalau mpaka Juni."

Meno ndiye aliyeanza kucheka, machozi yake yenyewe hayajakauka. Trekta hakucheka. Aligeuka akamuuliza muuzaji mgahawa unafungwa saa ngapi.