Wakiuliza Mwaka, Kohoa

Jumatatu, 9 Juni

Nimemaliza kusahihisha mtihani wa Mapinduzi ya Viwanda. Wiki tano za kufundisha! Waliofaulu: watatu kati ya arobaini na mmoja. Na hao watatu walikuwa wagonjwa nyumbani karibu mada nzima.

Swali la tatu: nani aliboresha mashine ya mvuke? Watoto thelathini na wanane wamejibu: "Fundi mmoja, tafuta jina lake." Wananiamuru mimi! Nitafute! Mimi niliyeshika chaki miaka kumi na mmoja! Swali la tano: taja sababu tatu za kukua kwa miji. Sababu ya tatu, wote: "Ni ile ile ya pili, irefushe." Nilikosoa mpaka kalamu nyekundu ikatoboa karatasi na kuchafua meza.

Kuna baya zaidi. Mkuu wa shule anataka tathmini ya matokeo kutoka kwa kila mwalimu. Ukurasa mmoja: wanafunzi wamejifunza nini, na mwalimu amejifunza nini. Kiti cha mkuu wa idara kiko wazi, na wanaokitaka ni wawili. Mimi, na mwalimu wa jiografia, ninayemwita Tabasamu kwa sababu hana kingine usoni. Kwake wamefaulu thelathini na sita. Ameniambia pole. Niliuma kifuniko cha kalamu mpaka kikapasuka.

Jumanne, 10 Juni

Nimeshajua. Wamenakiliana! Watoto thelathini na wanane hawawezi kukosea neno lile lile, nukta ile ile, bila njama. Na njama ina kichwa, na kichwa hicho kinatabasamu.

Nilimweleza mke wangu wakati wa kifungua kinywa. Aliendelea kupiga pasi sare yake ya uuguzi, kisha akauliza, kama anayeuliza saa, hao watoto wote walifundishwa na nani. Nikamwambia wodini kwake sijawahi kumfundisha kuchoma sindano. Akasema ni kweli, baba watoto, na akatabasamu. Hata yeye sasa!

Mpango: mtihani wa mdomo, mmoja mmoja, hadharani. Hapo hakuna wa kumchungulia. Nimewaalika Mkuu na Tabasamu wawe mashahidi. Waje waone.

Jumatano, 11 Juni

Aibu. Aibu tupu.

Niliwapanga watoto kwenye korido na kuwaita ndani mmoja mmoja. Mkuu upande huu, Tabasamu upande ule amekunja nne. Aliingia wa kwanza. Nikamuuliza kwa sauti ya upole, upole ulioniumiza koo: kiwanda cha kwanza cha nguo kilijengwa mwaka gani? Akaniangalia. Akakohoa.

Nikamwambia anywe maji. Akaingia wa pili. Mwaka gani? Akakohoa. Wa tatu, hivyo hivyo. Wa nne alikohoa hata kabla sijamaliza swali! Kufikia wa tisa Tabasamu alikuwa ameinuka kufungua madirisha, na Mkuu amefunika pua kwa leso. Kufikia wa kumi na tatu nilipiga meza kwa ngumi. Nimevimba kidole.

Nimesema hadharani kwamba huu ni uasi. Mkuu akasema hajawahi kuona uasi wenye nidhamu namna hii. Kesho anataka kuona madaftari yao.

Alhamisi, 12 Juni

Kati ya madaftari yote, Mkuu aliokota la yule binti wa dawati la mbele tunayemwita Kalamu Nne. Huyu huandika tarehe kwa nyekundu, vichwa vya habari kwa kijani, maelezo kwa bluu, na kwa nyeusi sijui huandika nini. Haachi neno.

Mkuu akasoma kwa sauti. "Jumatatu, 12 Mei. Fundi mmoja, tafuta jina lake." Akafunua ukurasa. "Ni ile ile ya pili, irefushe." Akafunua tena. "Wakiuliza mwaka, kohoa."

Kisha akaomba daftari langu. Lile la jalada la kijani, ninalosomea nukuu darasani, wao wakiandika, tangu nianze kazi. Akayakuta maneno yote pembeni, kwa mwandiko wangu, vikumbusho vyangu mwenyewe! Yaani wameandika hata mambo yangu ya siri! Nilifura. Nikamwambia mtoto mwenye akili anajua la kuandika na la kuacha. Mkuu akauliza kama niliwahi kuwaambia hivyo. Nikakohoa.

Hakunitoa mbio, ila hakunisamehe. Amenipa nafasi moja: Jumatatu nianze mada mpya, na jioni atayasoma madaftari ya darasa zima kabla ya kuamua kiti ni cha nani. Tabasamu ameniambia pole tena.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nimekula chakula changu nikiwa nimempa mgongo.

Ijumaa, 13 Juni

Tathmini imekamilika. Wanafunzi wamejifunza nini: utiifu uliopita kiasi. Mwalimu amejifunza nini: kwamba wanafunzi hawafikirii. Safi. Fupi. Haki.

Nimenunua daftari jipya, nimenakili mada mpya yote kwa mkono wangu. Vikumbusho sikuweza kuviacha, binadamu husahau. Ila safari hii nimeviandika kwa wino mwekundu, na juu kabisa nimeweka onyo: "Vyekundu ni vyako peke yako, usivisome kwa sauti." Vipo vichache tu. "Mkuu akipita dirishani, jifanye umeguswa na somo." "Hapa hata wewe huelewi, pita haraka." "Jiografia ni kupaka rangi tu, na anayeifundisha hajui mashariki iko wapi." Hicho cha mwisho ni cha kunipa moyo.

Jumatatu, 16 Juni

Ushindi!

Nimesoma nukuu dakika themanini bila kuinua macho, akili yote iko kwenye kiti kile. Darasa halijawahi kutulia hivi. Kalamu zilikwenda kama mvua. Mmoja wa nyuma alikuwa ameuma mkono wa shati, bila shaka kwa bidii. Kalamu Nne aliinua mkono mara moja, akauliza kwa adabu kama kweli aandike kila kitu. Hasira zikanipanda. Nikamwambia kila kitu, neno kwa neno, na kufikiri aniachie mimi.

Saa tisa madaftari arobaini na moja yalikwenda ofisini. Saa kumi karani amekuja mbio: Mkuu ananiita sasa hivi, Tabasamu yuko ndani tayari, na nije na daftari langu.

Hatimaye! Wanataka kuwaonyesha walimu wengine. Nimenyoosha tai.