Wali na Karoti Wasingiziwa

Jumatatu, 3 Machi

Vipele kumi na saba, kumi na vinne shingoni. Mtaalamu wa lishe ametoa amri: niandike kila ninachokula na kila ninapojikuna hadi Ijumaa. Anasema mwili wangu unashindwa kuvunjavunja kitu kiitwacho histamini, na kuna seli zinazokimwaga ovyo zikichokozwa kidogo tu. Marufuku: nyanya, jibini, achari, samaki wa kopo, chokoleti, kiporo. Kiporo! Yaani hata chakula halali kikilala tu kinaamka adui. Ruhusa: wali wa moto, karoti, matango, kuku wa siku hiyohiyo. Ijumaa akisoma daftari ndipo atatia sahihi fomu ya kambi ya shule, au asitie.

Nitakwenda. Atake asitake. Muhula mzima nala peke yangu nyuma ya maabara, kibakuli mapajani, kwa kuona haya kueleza. Sasa kiranja wetu, msichana asiyecheka ovyo, ameniandika kwenye kundi lake: msoma ramani. Bila kulazimishwa na mwalimu! Nimeuliza.

Mpango: madaftari mawili. La mtaalamu kwa lugha ya darasani, ambayo kwayo uongo hunitoka laini. Hili kwa lugha ya nyumbani. Humu nikidanganya najiona.

Jumanne, 4 Machi

Dada yangu kala jibini mbele yangu, polepole, makusudi. Akaniambia pole, bwana Karoti. Alipokwenda kuoga nikamalizia kipande chake. Ushindi! Saa moja baadaye uso mwekundu, pua imeziba, najikuna mgongo kwenye fremu ya mlango kama ng'ombe. Daftarini: wali, karoti. Vipele nimeandika vyote, maana mama huvihesabu mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Bibi yuko upande wangu. Alisema enzi zao histamini haikuwepo. Nikamwambia ilikuwepo, haikuwa na jina tu. Akajibu ndiyo maana haikumsumbua mtu. Kisha akanisogezea mchuzi wa nyanya wa jana. Kumkatalia bibi ni utovu wa adabu, nami nimelelewa. Nikaramba bakuli.

Tumbo lilinguruma katikati ya somo la hesabu. Darasa zima likageuka, kiranja akiwemo. Nilitafuta kalamu chini ya dawati kwa dakika tisa. Kalamu ilikuwa mkononi. Lakini sisalimu amri ng'o! Mwili ni wangu, hizo seli ni wapangaji tu. Daftarini: wali, karoti. Vipele ishirini na kimoja.

Alhamisi, 6 Machi

Chokoleti. Sina la kujitetea. Ilikuwa ya dada, ilikuwa chini ya mto wake, na nililazimika kuinua mto. Ameahidi kunyamaza nikimwoshea vyombo mwezi mzima. Mnyonyaji! Daftarini: karoti tupu. Vipele thelathini na viwili. Mama alihesabu mara mbili, akaenda kukaa jikoni peke yake.

Ijumaa, 7 Machi

Mtaalamu alisoma, uso kaukunja. Mimi nasubiri sifa. Nikazipata! Alimwambia mama hajawahi kuona kijana mtiifu hivi: wiki nzima wali na karoti, na bado anavimba. Basi, akasema, adui tumempata. Ni wali na karoti.

Amevikata vyote viwili! Nimebaki na kuku na matango.

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Wallahi nilifungua. Lakini mama alikuwa amenishika bega, machozi yanamlengalenga, ananiomba radhi kwa karoti zote alizonilisha kwa mkono wake. Nikafunga mdomo.

Fomu imetiwa sahihi! Ila kuna sharti: mama aje kambini, anipikie kuku wangu papo hapo, mara tatu kwa siku. Atalala hema la pili kutoka letu. Njiani kuelekea nyumbani alisimama dukani akanunua filimbi ya kuniitia mezani. Akaijaribu palepale barabarani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekaa nikafikiri. Mtu mwenye akili angekiri sasa hivi, kabla mambo hayajaharibika zaidi. Dada kasema hivyo. Hata bibi kasema hivyo.

Lakini kambi bado wiki mbili, na mtaalamu ananiamini kuliko macho yake. Nimechukua daftari lake, nimefungua ukurasa safi, nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa:

Saa moja asubuhi: mama kaingia chumbani. Saa moja na nusu: vipele arobaini.