Kitambaa cha Bhoke Mbele ya Mashine ya Hidrojeni

Sogezeni viti, enyi wauza nyanya na waendesha bodaboda, zimeni redio na mwanyamazishe watoto, kwa maana nasimulia jinsi Teresa Adhiambo, Mlinzi wa Friza, Malkia wa Sufuria Kubwa, alivyolikabili joto la Januari pale Rodi Kopany akaokoa samaki wa posa.

Katika hoteli yake ilikaa mashine ya hidrojeni, iliyoletwa na mradi fulani kwa majaribio, ikazinduliwa kwa hotuba ndefu kuliko soda tulizopewa. Mashine hiyo hunywa gesi ya mtungi, huvuta hewa kwa matundu ya ubavuni, kisha huzaa umeme na maji kidogo. Umeme huo ndio uliolisha friza, na ndani ya friza walilala ngege na mbuta wa kuwapikia wakwe waliokuwa njiani kutoka Kuria, kuja kumposa bintiye, Lynnet. Samaki wakioza, wakwe wangerudi na njaa, na habari ingefika kwao kabla yao.

Sasa lisikieni kosa. Kwetu kitu cha heshima hakikai uchi. Kiti kina kitambaa, redio ina kitambaa, hata chupa ya chai ina kitambaa. Basi Teresa akaivika mashine kitambaa kikubwa alichokifuma Bhoke, mama wa bwana harusi Nchagwa, kwa mikono yake mwenyewe, akamtumia kama zawadi. Akakivuta kikakaa vizuri, kikaziba matundu yote.

Asubuhi ile jua likayashukia mabati kama jeshi lisilojua huruma. Friza ikanyamaza. Teresa akapiga simu, na fundi Chrispine akawasili kutoka Rongo, bisibisi mkononi kama mkuki. Akaigusa mashine, akaruka nyuma.

"Mama Lynnet! Umeziba mtu pua, halafu unashangaa hapumui?"

"Nimeiheshimu, kijana!"

"Heshima imeipika. Ndani kuna utando mwembamba, lazima ukae na unyevu. Joto likizidi unakauka, na ukikauka umeme unaisha nguvu. Toa hii kitu. Inataka hewa ya baridi, yenye unyevu kidogo."

"Nitoe? Bhoke afike akute kazi yake imetupwa kando? Atasema nimemkataa yeye na mtoto wake!"

"Basi chagua, mama. Kitambaa ama samaki."

Teresa akasimama kati ya majeshi mawili, aibu huku na uvundo kule. Kisha akakichukua kitambaa, akakitosa kwenye beseni, akakitundika kwa kamba mbele ya matundu kama pazia la ikulu. Mashine ilipopoa, Chrispine akaiwasha. Ole! Kitambaa kilikuwa kinachuruzika, tena karibu mno. Matone yakavutwa ndani, mashine ikakohoa, ikazimika.

"Sasa unaizamisha!" akalia fundi. "Maji yakijaa njiani, hewa itapita wapi?"

"Si umesema inataka unyevu?"

"Unyevu, mama! Sijasema ubatizo!"

Akaifungua, akaipangusa. Ndipo shujaa wetu akakishika kitambaa kwa mikono iliyosonga ugali wa misiba na harusi za tarafa nzima, akakikamua mpaka kikapiga kelele. Akakitundika tena, mbali kidogo, fundi akaiwasha mashine. Upepo ukapita katikati ya nyuzi, ukaingia umepoa na unyevu wake wa kiasi. Taa ya kijani ikawaka. Friza ikanguruma, nasi tukapiga vigelegele.

Wakwe wakaingia. Bhoke, mwanamke mrefu asiyepoteza maneno, akapita viti vyote vilivyovikwa, akasimama mbele ya kamba.

"Hii si kitambaa yangu? Mbona imeloa?"

Hoteli nzima ikaacha kutafuna. Lynnet akaangalia sakafu. Teresa akapandisha mabega, akahutubu:

"Bhoke, mama wa Nchagwa! Vitambaa vingine vya nyumba hii vimelala tu juu ya viti. Chako peke yake ndicho kinafanya kazi. Samaki utakaowala leo, ni hicho kimewalinda."

Bhoke akakigusa, akasikiliza friza. Akaketi, akala ngege mzima, akanyonya mifupa ya kichwa, ndipo akasema:

"Siku ya harusi nitaleta ingine. Mfanyakazi wangu lazima apate siku ya kupumzika."

Hivyo ndivyo Lynnet alivyoposwa. Nao waandishi wa vita vikuu vya nchi hii, watakapomaliza majemadari na mizinga, waache nafasi kwa kitambaa kimoja, kilichokamuliwa vizuri.