Pingamizi Dhidi ya Mkamwana Wangu Kusomea Uuguzi wa Wasiopona

Kwa Mheshimiwa Muuguzi Mkuu,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Ittoop Chacko, mwalimu mkuu mstaafu, mgane, mwenye shamba la miti ya mpira nyuma ya kanisa. Sijawahi kuilalamikia hospitali yenu, ingawa sababu zilikuwepo. Leo nimelazimika.

Mkamwana wangu Lissamma, mke wa mwanangu Tomichan aliyeko Doha, alikuwa muuguzi kwenu. Aliacha kazi miaka minane iliyopita, mke wangu Eliamma alipopooza. Miaka yote hiyo hakufanya kazi yoyote, alikaa nyumbani tu. Alikuwa akimgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, akimlisha uji wa mchele kwa mpira wa puani, akimwogesha, akimsuka nywele, na mara mbili alimwokoa asife kwa kupaliwa. Muda uliobaki alipumzika. Eliamma alifariki Novemba iliyopita bila kidonda hata kimoja mgongoni. Tukaona Lissamma amepumzika vya kutosha, arudi kazini. Kikao cha ukoo kikaitishwa kuamua asomee fani gani kwenu, na malalamiko yangu yanaanzia hapo.

1. Alikaidi kikao. Tulikuwa watu tisa. Yeye hakualikwa, maana alikuwa jikoni akiwapikia wajumbe. Tomichan, kwa simu, alitaka asomee wagonjwa mahututi, kwa kuwa wenye cheti hicho huchukuliwa Ireland. Shemeji wa Lissamma alitaka chumba cha upasuaji, kwa sababu kina kiyoyozi. Mimi nilipendekeza kliniki ya macho, inayofungwa saa sita mchana, ili awahi kupika. Lissamma akaingia na chai, akaniambia mimi baba mkwe wake, "Appachan, fomu nimeshajaza. Tiba shufaa."

Nikamwambia, "Wale wasiopona? Utapata sifa gani kwa mgonjwa ambaye lazima afe?"

Akanijibu, "Kwani sisi wengine hatufi, Appachan?"

Ndiyo adabu mnayofundisha?

2. Jopo lenu lilimuuliza, "Dada, hapa kuna pengo la miaka minane. Ulikuwa unafanya nini?" Akasema alikuwa akimuuguza mama mkwe. Mkaandika: hana uzoefu. Hapo nawapongeza, tulikuwa pamoja. Lakini mkampokea! Na huyo asiye na uzoefu, siku ya tatu tu, akamwonyesha mkufunzi wenu jinsi ya kumgeuza mzee mnene bila kumuumiza. Mkufunzi ana shahada mbili. Nani atamfuta aibu?

3. Tangu kozi ianze napasha muhogo mwenyewe. Nimeshaunguza sufuria mbili. Nilimpigia simu akiwa darasani kumuuliza chumvi iko wapi. Akasema, "Ipo palepale ilipo siku zote, Appachan," akakata. Nimeishi nyumba hii miaka arobaini na sita. Sikujua chumvi ina mahali pake.

4. Jirani yangu Ouseph ana saratani ya mifupa, na alikuwa akipiga kelele hadi mbwa wetu akaacha kula. Jumanne Lissamma alifika kwake na timu yenu. Akahakikisha anapewa dawa ya maumivu kwa saa zake, kisha akaketi kitandani akamuuliza anaogopa nini. Mimi nilikuwa nikimtembelea kila Jumapili kumwambia atapona. Swali kama hilo sikuwahi kumuuliza. Sasa Ouseph analala, anakula samaki, na ameniambia mbele ya mkewe, "Mwalimu, habari za kupona basi. Wewe kaa tu." Nikakaa tu saa nzima. Mtu wa hadhi yangu!

5. Watu husimama getini kwangu na kuuliza, "Hapa ndipo kwa Sista Lissamma?" Tangu nijenge nyumba hii palikuwa kwa Mwalimu. Na ubaya utaenea. Wanawake wote waliokaa nyumbani wakiuguza wazee watadai nao walikuwa kazini. Fikiria mwenyewe, Mheshimiwa: jimbo letu zima la Kerala lisibaki na mwanamke asiye na uzoefu! Tutamwambia nani kwamba hana la kufanya?

Kwa hiyo naomba aondolewe kwenye kozi, kwa upole, na apelekwe kliniki ya macho kabla hajaharibu mtu mwingine.

Nisalimie madaktari wote, wapishi, mlinzi wa getini, na hasa yule mkufunzi, ambaye namwonea huruma.

Ni mimi, nisiyependa makuu,
Ittoop Chacko

Nyongeza: Mwezi Juni daktari mmoja wa mjini alinipima tumbo, akaniambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nasikia wagonjwa wa kutembelewa nyumbani huandikishwa ofisini kwako. Niandike. Sitaki muuguzi mwingine. Nataka Lissamma, tena aje na sare yake, kama mtu aliye kazini. Kozi imebakiza miezi mitatu, na mimi daktari hakunipa mingi zaidi ya hiyo. Tafadhali, angalia kama kozi inaweza kufupishwa.